Pumba za Mama wa Mashine

Mwanamke wa mashine ya kusaga pale Chala aliiamini pua yake kuliko macho. Hata baada ya soko huria kuleta mashine nyingine tatu mtaa uleule, kila debe la mahindi lililofika kwake alilichota kiganja kimoja, akakipuliza, akakinusa huku amefumba macho. Mahindi yenye ukungu yalirudi na mwenyewe, hata akiwa tajiri wa duka. Kope zake zilikuwa nyeupe kwa unga, na sauti yake ilizoea kuishinda injini.

Siku moja Mayunga, mfugaji wa ng'ombe, alimkokota mpaka pale mbwa wake jike, mlinzi wa zizi. "Mama, huyu kaniaibisha. Mara tatu anapandwa, hashiki mimba. Kesho namfukuza."

"Anakula nini?"

"Pumba. Ulitaka ale pilau?"

"Zilete."

Alipozileta, mwanamke alinusa mara moja tu, akakunja uso. "Baba, hizi zimeota ukungu. Ndizo zinazomfunga kizazi. Unamfukuza mbwa, ghala lako unaliacha?" Akamfungia pumba safi na dagaa.

Baada ya mavuno Mayunga alirudi na mtoto wa mbwa kifuani. "Wamezaliwa sita, mama! Huyu wako."

Foleni nzima ilipiga vigelegele. Mwanamke alimgeuza yule mtoto wa mbwa, akampapasa tumbo, kisha akanyoosha kiganja chake cheupe. "Na pumba anazokula mama yake?"

Mayunga alitoa fundo la kitambaa mfukoni, akalifungua, akazinusa pumba yeye mwenyewe kwanza, ndipo akampa.