Mbuyu wa Mama Emerance

Mama Emerance ana mdomo. Nasema mapema, asije mtu akadhani nasifu mtakatifu. Ukipita mbele ya uwanja wake bila kusalimia, atakuita kwa jina la baba yako na kukuuliza kama ulilelewa na mbuzi. Mtaani kwetu, hapa Kindu, hakuna ambaye hajatukanwa naye.

Alikuja kwa treni kutoka Kongolo, bibi arusi, kumfuata mume wake aliyefanya kazi relini. Ndani ya kitenge alifunga mbegu za mbuyu. Sisi ni watu wa msitu, mti huo hatukuujua. Alipanda zote, ikaota moja. Tulimcheka sana: mti gani huu, una tumbo la mjamzito, na kiangazi kikifika unavua nguo zote?

"Inalala," alitujibu. "Nyinyi munalalaka na viatu?"

Wakati wa vita tuliacha kucheka. Mji ulizingirwa, na mtu aliyekwenda shambani hakuwa na hakika ya kurudi. Sombe, yaani kisamvu, ikakosekana sokoni, mchele wa Kibombo haukufika tena. Kila asubuhi Mama Emerance alipanda ngazi, akachuma majani ya mbuyu, akayapika katika sufuria kubwa, na chumvi kama iliwezekana. Halafu alituita mtaa mzima: "Kujeni mukule, nyinyi mifupa yenye kutembea!" Watoto wangu wawili waliishi kwa majani yale. Nampenda yule mama, basi, nimesema.

Vita vilipokwisha alikuwa mjane. Binti yake, Ange, aliolewa kulekule Kongolo, na kila mwaka alipiga simu: "Mama, rudi nyumbani." Mama Emerance alijibu neno moja tu, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: "Na muti yangu nitaachia nani? Siku itakufa, siku hiyo njo nitakuja."

Kwa hiyo sote tulijua. Mbuyu ukifa, Mama Emerance anakwenda zake.

Mwaka jana Ange alijifungua, na mama akasafiri katikati ya kiangazi kwenda kumsaidia. Alituachia amri moja: "Musiguse muti yangu." Sasa kiangazi kile kikakataa kuisha. Mwezi wa tisa uliingia bila tone la mvua. Jirani yake, Papa Okito, seremala, akakwangua gome la mbuyu kwa ukucha, akatuangalia na uso wa msiba.

"Inakufa," alisema. "Atarudi kufunga mizigo."

Jamani, tuliogopa! Waislamu na Wakristo, wakubwa kwa wadogo, tulishuka mtoni Lualaba na baiskeli, tukapandisha maji kwa bido, yale madumu ya plastiki. Papa Okito akachimba shimo pana kuzunguka shina, ili maji yasipotee. Mizizi iliyomzuia aliikata. Tukaongeza na samadi ya mbuzi juu. Mti wa nchi kavu, uliokuwa umejilalia zake, tukaulisha kama mgonjwa wa hospitali.

Halafu mvua ikaja, mvua ya kweli, na shimo likawa bwawa. Majani yalichipuka kidogo, tukapiga vigelegele. Siku ile Mama Emerance aliporudi, alikuta bado tunashangilia. Aliweka mzigo chini.

"Nani alichimba?"

Macho yetu yalimgeukia Papa Okito.

"Munakata mizizi, kisha munaizamisha ndani ya maji? Munaua muti yangu, wajinga nyinyi!"

Alinyakua jembe mwenyewe. Tulichimba mfereji naye mpaka jioni, na matusi yake hayakupumzika. Papa Okito, mtu mzima mwenye wajukuu, alilia huku akichimba.

Tulikuwa tumechelewa. Jumapili, watu wakitoka kwenye ibada, mbuyu uliinama polepole, ukalalia jiko la Mama Emerance. Ashukuriwe Mungu, ndani hamkuwa na mtu. Ndani ya shina mlikuwa laini kama muhogo uliolowekwa. Mtaa mzima ulikuja kuuangalia. Mama Emerance alikaa juu ya shina na kulipapasa kwa mkono.

Simu ikalia. Masikio yake yamechoka, kwa hiyo huweka sauti ya nje, na sote tulisikia.

"Mama, nimeambiwa. Pole sana. Sasa basi, kuja nyumbani. Hakuna tena kitu ya kukufunga kule."

Tulitazama chini. Papa Okito alivua kofia. Mama Emerance alituangalia mmoja mmoja, bila haraka.

"Ange, mutoto wangu," alisema, "hawa watu wamebeba maji ya Lualaba na baiskeli mpaka wakaua muti kwa kuipenda. Mutu anaweza kuacha watu kama hawa peke yao?"

Akazima simu.

"Na wewe Okito, unaangalia nini? Leta shoka. Jiko yangu iko chini ya hii muti."