Muyisa, Fundi wa Makaburi, Anatafuta Zahabu mu Moshi

Asubuhi mapema, ku Rughenda, mutaa moja ya Butembo, moshi nyeusi inatoka mu furu ndogo ya matofali, nyuma ya nyumba ya Muyisa. Anaongeza matawi mabichi ya kalitusi, kisha anaziba mulango ya furu na matope.

Muyisa anabandikaka karo nyeupe, vigae vya udongo, ku makaburi. Batu ya Butembo banajua ile kazi. Mais yeye anachoraka juu ya karo maua yenye kungaa sawa zahabu, na zahabu haiko ndani.

"Ni shaba tu," anasema. "Nyaya ya moteur yenye kufa. Ninachoma, ninasaga, ninachanganya na udongo mwekundu na vinaigre. Moshi ndiyo inamalizaka kazi."

Padri moja alimuonyesha mu kitabu sahani za Waislamu ya zamani, kule Irak na Misri, zenye kungaa vile vile bila zahabu.

"Dini yabo haikupenda batu bakule mu sahani ya zahabu," Muyisa anacheka. "Donc bakatafuta akili."

Kujifunza ilimukamata miaka tatu. Joyeuse, muke wake, anakumbuka karo zenye kutoka na rangi ya maini. "Nilimuambia: papa, hata benye kufa batakataa kulala chini ya hizi."

Leo mu furu kuko karo za Mama Séphora. Bwana yake, marehemu Malachie, alikuwa analima pomme de terre, viazi vya mviringo, ku milima ya Masereka. Mama anataka maua ya pomme de terre ku kaburi.

Karo zake za kwanza ziliharibika. Majirani balilalamikia moshi, Muyisa akafungua furu kabla ya saa kufika, hewa ikaingia, kungaa ikakufa. Hizi ndizo za mwisho, na misa ya kaburi ni kesho.

Jioni furu imepoa. Mama Séphora amekuja kuangalia, Muyisa anatoa karo ya kwanza. Ni nyeusi, imejaa tope.

"Papa Muyisa, umenichomea tena," Mama Séphora anasema. "Afazali ungeniachia nyeupe."

"Ngoja, mama. Haiyanawa uso."

Anachovya kitambaa mu maji na majivu, anasugua. Tope inatoka polepole. Chini yake kuko ua. Mama anageuza karo ku jua: inakuwa njano, kisha nyekundu, kisha njano tena.

Anahesabu na kidole.

"Ua ya pomme de terre iko na majani ya rangi tano. Wewe umeweka sita."

Muyisa anainama, anahesabu naye. "Nilichora na kichwa tu, mama."

"Malachie angekucheka sana." Anafunga karo mu kikwembe, anaikumbatia. "Acha hivi. Acha acheke. Wasingya, asante."

Muyisa anataka kujenga furu kubwa, mbali na majirani. Mais kabla ya ile, mashamba ya Masereka ikitoa maua, atapanda mulima mupaka kule, ahesabu majani ya ua yeye mwenyewe.