Picha ya Bi Ruqaya Mlangoni

Mauza Hamud si mtu mbaya. Nalisema hilo mapema kwa sababu siku hizi, pale kwenye ghala letu Gerezani, jina lake likitajwa watu wanasonya. Mimi nimekaa naye chumba kimoja miaka tisa, yeye karani wa utumishi, mimi wa mishahara, na sijamwona akimdhulumu mtu.

Mwaka jana bosi alimpa kazi ya kutushawishi tukubali kukatwa kidogo kwenye mshahara kila mwezi, fedha iende kwa taasisi moja inayogawa chakula kwa wajane. Hiari, akasisitiza. Hiyo hiari ya bosi tunaijua. Mauza alizunguka na fomu wiki mbili, akaambulia visingizio. Kati ya watu arobaini walisaini sita, wa kwanza Haruna, mtunza stoo, mtu mkimya wa swala tano.

Mauza akaona watu hawatoi kwa sababu hawaoni. Akaiomba taasisi picha, akaikuza, akaibandika mlangoni tunapopita sote. Bibi mzee, baibui limepauka, anapokea kiroba cha unga kwa mikono miwili. Siku ile ile walisaini watu ishirini na tisa. Mimi pia nilisaini, nikajiona mwema, na mpaka leo najichukia kwa hilo.

Haruna alikuwa ametumwa bandarini, akarudi mchana. Alisimama mbele ya ile picha mpaka mlinzi akamuuliza kama anamjua.

"Mama yangu huyo," akasema.

Akaibandua taratibu asiichane, akaikunja, akaondoka nayo. Kazini hakurudi tena. Kila mwezi alikuwa akimpelekea mama yake fedha ya matumizi kule Mchikichini, akiamini inatosha. Haikutosha, na mama hakutaka kumwongezea mwanawe mzigo. Unga alikuwa akiufuata kwa siri.

Mauza alimwendea mama huyo, Bi Ruqaya, kuomba radhi, amebeba mchele na mafuta. Alikaribishwa vizuri, akapewa maji ya kunywa. Vitu alivyoleta vilikataliwa.

"Mwanangu, njaa yangu nilikuwa naijua mimi na Mungu wangu," bibi alimwambia. "Sasa anaijua hadi mlinzi wenu."

Kwenye taasisi bibi hakwenda tena. Majirani wanasema alikuwa anashinda na chai ya rangi, na Haruna akileta chakula anaambiwa mama ameshakula. Mwezi wa Rajabu akafariki.

Tulichanga rambirambi, na safari hii hakuna aliyehitaji kushawishiwa. Mauza ndiye aliyeipeleka bahasha msibani, mimi nikiwa nyuma yake. Haruna alikuwa ameketi jamvini na wanaume wenzake. Alimsikiliza hadi mwisho, hakunyoosha mkono, akatazama kushoto kwetu, kisha kulia.

"Dada Mauza," akasema, "mpiga picha wenu yuko wapi?"