Msusi Aliyekataa Nusukaputi

Wateja walimwita Redio. Ukikaa kwenye kigoda cha msusi huyu, uliondoka na nywele zilizosukwa pamoja na habari za mtaa mzima. Lakini kidole chake cha kati kilianza kukwama. Kikikunjwa hakikunjuki mpaka akivute kwa mkono wa pili. Mistari ikaenda upogo, na wateja wakaanza kukumbuka shughuli nyingine.

Daktari wa upasuaji akasema kano imebanwa kiganjani, lazima aifungulie njia. Kuna nusukaputi, alale fofofo. Kuna sindano ya kwapani, mkono mzima ufe ganzi. Au ganzi ya kiganja tu, naye abaki macho.

"Lala, dada," mdogo wake akamsihi. "Ukatwe huku unaangalia?"

"Nikilala, nani atamsimamia daktari?"

"Sema unaogopa kunyamaza."

Akachagua ganzi ya kiganja.

Kwenye chumba cha upasuaji walimwekea pazia la kijani, asiuone mkono. Daktari akainua sindano. "Vumilia kidogo."

Redio akacheka. Maneno hayo alikiambia kila kichwa alichokivuta, na hayajawahi kuwa kweli hata siku moja. "Daktari, hiyo lugha yangu. Sema tu itauma."

"Itauma."

Ikauma kweli. Kisha kiganja kikapoa, kikawa kama cha jirani. Alihisi kuvutwavutwa, maumivu hakuna. Alikuwa amemaliza kisa cha ndoa ya muuza mkaa, ameingia ya mwenye nyumba, daktari alipomkatiza.

"Kunja kidole."

Kikakunjika, kikakunjuka. Muuguzi akashusha pumzi.

"Sasa suka," daktari akasema.

"Nisuke nini?"

"Hewa. Kama uko kazini."

Vidole vikaanza kupishana. Pale kidole cha kati kinapopokea shungi kutoka kwa mwenzake, kikasita.

"Hapo hapo. Kinang'ang'ania," Redio akasema.

"Ungekuwa umelala, ningekuwa nimeshashona." Daktari akainama, akakata uzi mwembamba wa nyama uliobaki kuibana kano. "Haya, tena."

Redio akasuka, mstari mzima wa hewa, kutoka utosini hadi kisogoni, kidole kikiteleza kama kimepakwa mafuta. Akarudia.

Nje, mdogo wake aliyekuwa akifuata visa vyote kupitia mlango, aliposikia kimya akabisha.

"Jamani, mmemlaza?"

"Hapana," muuguzi akajibu. "Anasuka."