Sukari ya Wifi

Siku hizi mtu akiniambia kitu fulani ni cha asili, hakina madhara, natafuta mahali pa kutema mate. Sitanii. Mdomo unanijaa mate mazito ya kichefuchefu, na mbele ya macho yangu anasimama wifi yangu, dada wa mume wangu, akilamba kidole.

Lakini nianze na mama, maana bila mama wifi asingekuwa na wa kumuuzia. Mama alikuwa kijijini, upande wa Bahi, na baada ya baba kufariki akabaki peke yake na kidonda mguuni kisichotaka kupona. Nilipompeleka hospitali wakatuambia ana sukari, tena imepanda vibaya. Daktari hakuzunguka. Alisema huyu mama akiendelea na sukari, mguu utakatwa, na baada ya mguu tusiulize kitakachofuata. Inatakiwa akae karibu na kliniki, kidonda kisafishwe, chakula kiangaliwe.

Kumhamisha mama kumleta kwangu mjini, Chang'ombe, kulikuwa kazi pevu. Ng'ombe wa baba walishagawanywa na baba wadogo, zizi limebaki miiba. Kitu pekee cha baba kilichobaki na mama ni mbwa wake wa machungani, wa kahawia, sikio moja limechanika. Mama alimwita mzee. Akaniambia, "Nikija, nakuja na mzee. Asipopanda gari, na mimi sipandi." Basi mzee akapanda, nyuma ya pikapu, kati ya gunia la uwele na kuku wawili.

Kulikuwa na desturi yao moja ambayo sikuipenda mwanzoni. Baba, enzi zake, tonge la mwisho la ugali lilikuwa la mbwa. Si makombo, tonge zima, limechovywa kwenye mlenda kama la mtu. Alisema mlinzi wa zizi anakula na mwenye zizi, na asipokula yeye, chakula hakijaisha. Mama akaja nayo mjini. Chochote alichokula, cha mwisho anakirusha uani, mzee anakidaka. Majirani walitucheka sana, wakasema Wagogo wamehamia na ndugu yao.

Nikaondoa sukari yote ndani ya nyumba, hata ile ya wageni. Nami najuta nini? Sijuti, maana namjua mama: angeipata hata ningeificha juu ya dari. Tatizo likawa chai. Mama ni mtu wa chai ya maziwa iliyokolea, asubuhi na jioni. Akikinywa kile kikombe changu kisicho na sukari anakunja uso, anasema, "Chai gani hii? Hata ya msibani ina sukari." Baada ya wiki chache akaanza kuulizia magari ya Bahi yanapakia wapi. Hapo nikaogopa.

Ndipo wifi akaingia. Wifi anafanya kazi ofisini huko Mtumba, lakini kazi yake ya kweli ni kuuza vitu kwenye simu. Mwaka huu mafuta ya kupunguza tumbo, mwaka kesho unga wa kuongeza damu. Akaja na pakiti nyeupe ya kitu kinaitwa zailitoli, na maneno mengi kuliko pakiti yenyewe. "Shikamoo mama! Nimekuletea sukari isiyo na dhambi. Inatoka kwenye mti, mama yangu, mti kabisa! Haipandishi sukari, haitoboi meno, haina madhara kwa kiumbe chochote cha Mungu."

Akalowesha kidole kwa ulimi, akakichovya ndani ya pakiti, akalamba, akachovya tena kilekile. Mate yake yote mle ndani! Waswahili wamesema chovya chovya humaliza buyu la asali, lakini hawakusema buyu linabaki na nini. Nikageuka pembeni. Mama yeye alikuwa anatabasamu, mara ya kwanza tangu aje mjini, basi nikanyamaza.

Na kusema kweli, kwa mama ile zailitoli ilifaa. Hata nesi wa kliniki alisema si vibaya, ila isizidi. Ilionekana sukari hasa, chembe nyeupe zilezile, isipokuwa ukiilamba inaleta ubaridi mdomoni kama pipi ya kifua. Nikaimimina kwenye kopo la sukari la siku zote. Tukaiita sukari. Jamani, tungeiita nini? "Lete sukari ya mama", "sukari imekaribia kuisha". Ndani ya nyumba ile neno sukari likawa na maana hiyo moja tu. Mama akaacha kuuliza habari za magari, na kidonda kikaanza kufunga.

Jumapili moja, tumetoka kanisani, wifi akaja na kontena la kashata za karanga alizopika mwenyewe kwa ile sukari yake. Mume wangu alikuwa safarini, tulikuwa sisi watatu uani, na mzee amelala miguuni pa mama. Kashata zilikuwa nzuri, siwezi kumsingizia. Wifi alikula kwa sauti, karanga zinaonekana kila akifungua mdomo, huku akipiga picha kontena ili aitume kwenye kundi lake la wateja. Mama akala moja, akamrushia mzee moja. Akala nusu, akamrushia tena. Wifi akacheka mpaka vipande vikamtoka mdomoni. "Hata mbwa anajua vitamu! Mpe nyingine, mama, nimrekodi!" Akampa yeye mwenyewe mbili zaidi, anamrekodi.

Haikupita muda mrefu, mzee akainuka akatapika. Kisha akatembea akipepesuka, miguu ya nyuma inamwachia, akaenda kugonga ndoo. Akaanguka, anatetemeka mwili mzima. Wifi akainua sketi yake asije akaguswa, akasema, "Ndiyo hivyo mbwa koko. Ameshaokota takataka zake huko."

Nikampigia daktari wa mifugo wa Kizota, ambaye alishawahi kumchanja mzee sindano ya kichaa. Akauliza amekula nini, nikasema ugali jana, leo kashata za karanga. Akauliza anafanyaje, nikamweleza. Akasema, "Hiyo dalili ni kama sukari yake imeshuka ghafla. Nakuja na pikipiki. Wakati nipo njiani, mpakeni sukari kwenye fizi, msiache."

Nikapaza sauti, simu bado sikioni: "Anasema apakwe sukari!"

Mama, na mguu wake ule, alifika jikoni kabla yangu. Akarudi na kopo. Alikaa chini vumbini, akakiweka kichwa cha mzee mapajani, akalowesha vidole kwa maji, akachovya, akampaka kwenye fizi, juu na chini, taratibu kama anavyopakwa mtoto dawa ya vidonda vya mdomo. "Amka mzee. Amka, usiniache mjini peke yangu." Na mzee akawa anavilamba vile vidole. Alivilamba vyote.

Wifi alikuwa amesimama palepale. Anatafuna.

Daktari alipofika, mzee ameshakakamaa, macho yamegeuka. Akamchoma sindano, akatundika maji kwenye kamba ya nguo, kisha akaona kopo. Akachukua chembe kidogo akaweka ulimini. Nikaona uso wake unabadilika.

"Hii inapoa mdomoni. Hii si sukari."

"Ni ya mti, dokta," wifi akadakia, kwa sauti yake ileile ya biashara. "Zailitoli. Ni ya asili."

Daktari akafumba macho kidogo. Akatueleza polepole, nadhani kwa ajili ya mama, kwamba kitu hiki mtu hakimdhuru, lakini mwili wa mbwa unadanganyika. Unadhani ni sukari kweli, unamwaga dawa yake ya ndani ya kuishusha, kumbe hakuna cha kushushwa ila kile kidogo alichokuwa nacho mwenyewe. Na ini nalo linaweza kufa. Akaniagiza nikimbilie sukari ya kweli. Nikatoka mbio hadi dukani, na mwenye duka ananiuliza kwa upole robo au nusu, nikamfokea kama mwizi, Mungu anisamehe.

Niliporudi na mfuko wa sukari, daktari akaupokea akaanza kumpaka mzee; nikamkuta mama anauliza, "Kwa hiyo hii niliyompaka mimi?"

Vidole vyake vilikuwa bado na chembe nyeupe.

Na hapo ndipo wifi, badala ya kumezwa na ardhi, akafungua mdomo wake uliojaa karanga. "Lakini hata sisi walituambia kwenye semina kuhusu mbwa. Ila walisema mbwa wa kizungu! Wale wanaolala vitandani, wana matumbo laini. Hawa wetu si wanakula hata viatu? Mimi ningejuaje?"

Alijua! Yaani alisimama pale, akamwona mama yangu anampaka, akamwona mbwa analamba, na neno lilikuwa kichwani mwake, akaamua kwamba halihusu mbwa wa Kigogo. Ebo! Nimesikia ubaguzi wa kila aina katika nchi hii, wa dini, wa rangi, wa mahari, lakini wa ini la mbwa sijausikia. Nilitazama ule mdomo unavyotafuna, ile midomo inavyong'aa mafuta ya karanga. Nilikwenda nyuma ya choo nikatapika kweli, kashata zake zote. Bado naionja ile baridi.

Mzee alifungua macho mara moja, mama akadhani amepona. Alfajiri akafa. Mama hakulia. Aliosha mikono. Alikwenda bombani akaosha, akarudi akakaa, akainuka tena akaenda kuosha. Nikamwambia, "Mama, hukujua. Mimi ndiye niliyekuambia sukari." Akasema, "Aliulamba mkono wangu, mwanangu. Alikuwa ananiamini huku namuua."

Wifi alituma ujumbe wa pole. Aliweka na picha ya mshumaa. Chini yake akaandika mama asiache kutumia, kwa binadamu ni salama kabisa, na kwamba mzigo mpya unaingia mwisho wa mwezi. Kinachoniudhi kuliko vyote ni kwamba alikuwa anasema kweli. Kwa mama ilikuwa salama, na ilikuwa inamsaidia. Mume wangu aliporudi akaniomba nisikuze mambo, ni mbwa tu, na yule ni dada yake. Nikamwambia dada yake akija tena hapa na kitu cha kula, nitamlisha chote yeye mwenyewe. Hajaja.

Lakini mama hakuligusa tena lile kopo. Nililitupa, nikanunua jingine jipya, nikamsihi anywe chai hata isiyo na sukari. Akasema kitu kinachofanana na chakula na si chakula, hakiwezi kuingia tumboni mwake tena, na kwenye nyumba yenye vitu hivyo hawezi kujua kipi ni kipi. Tukamfunga mzee kwenye shuka la mama mwenyewe, tukaenda naye Bahi, mama akamzika pembeni mwa zizi la baba. Tulipomaliza kuweka miiba juu ili fisi wasimfukue, mama akaingia ndani akafunga mlango. Gari likapiga honi, nikabisha hodi, nikabembeleza, baba wadogo wakabembeleza. Hakutoka.

Sasa nampigia kila jioni. Kidonda? Kipo, anasema, kinatoa maji kidogo. Kliniki? Mbali. Wakati anaongea nasikia kijiko kinazunguka kwenye kikombe, kinazunguka tu, hakiishi. Jana nikashindwa kujizuia.

"Mama, umeweka vijiko vingapi?"

Akanywa kwanza. Nikamsikia anameza.

"Usihangaike, mwanangu," akasema. "Hii ni ile ambayo hata mbwa anaweza kula."