Yai la Mfamasia

Mfamasia wa soko la mji wa Daegu hauzi kitu kabla hajahubiri. Vidole vyake vyembamba hupanga dawa kwenye kaunta kama anagawa karata: matone ya jicho kavu, sabuni ya kope zilizovimba, mafuta ya kupaka usiku. Kila moja huisifu, kisha huiponda. Ok-bun, mteja anayeshona gauni la bibi harusi wa kesho na ambaye macho yalimwasha hadi akakosa tundu la sindano, uvumilivu ukamwishia.

"Daktari, na hayo macho yako mekundu unayatibu kwa dawa gani?"

Mahubiri yakakatika. Mfamasia akatoa mfukoni yai la kuchemsha, bado la moto, limefungwa kwenye leso. Akaliviringisha juu ya kope zake mwenyewe.

"Joto kwanza, mama. Mengine baadaye."

"Na likipoa?"

Bila haya, akavuta droo ya dawa, akatoa kichupa cha chumvi ya kulia mayai.