Ming'oko Iliyomenywa

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka nainamisha uso hata nikiwa peke yangu.

Nilikuwa kijana wa miguu isiyotulia. Shule niliiacha darasa la tano, nikazurura Lindi, Tunduru, hata ng'ambo ya mto Ruvuma, nikitaka kujua kila kitu na kila mtu. Mwaka huo nilikuwa dereva wa mfanyabiashara mmoja wa Chuno. Wakaja wageni kutoka Dar es Salaam, Mama Neema na wanawe wawili wakubwa. Walitaka kuzungushwa, wale vyakula vya kwetu, waone viboko. Nikawaambia mimi pia ni mtu wa Dar, nimesomea wanyama chuoni. Wakaniamini, wakaniita mwalimu. Jina lile lilinikaa vizuri, sikufichi.

Asubuhi tulikula pweza Mikindani, kisha tukageuza, tukaipita Likombe, tukashika njia ya Ruvuma. Mikorosho ilikuwa inachanua pande zote mbili. Kila walichouliza nilikuwa na jibu. Ndege mweupe? Nikampa jina. Nyayo mchangani? Nikazipa mnyama. Nusu nilibuni.

Nilijua njia ile inapita kijijini kwetu, nikapanga kupita mbio. Lakini Mama Neema akamwona bikizee kando ya barabara na sinia la ming'oko, vile viazi vyembamba vya porini vinavyochimbwa kutwa nzima, vikachemshwa, vikaliwa kwa chumvi na pilipili.

"Mwalimu, simama!"

Nikasimama. Bikizee yule alikuwa bibi yangu mzaa mama, aliyenilea tangu nikiwa wa kubebwa.

Unajua, mwanangu, bibi na mjukuu ni watani. Aliponiona dirishani alipiga kigelegele.

"Jamani, mume wangu huyo! Umenitelekeza miezi yote hii, au umeoa kigori huko?"

Wageni wakaangua kicheko. "Mwalimu, kumbe una mke huku!" akasema mmoja wa vijana.

Utani hujibiwa kwa utani. Ningesema, "Nimekuja kuchukua mahari yangu, mke hapiki," tungecheka sote na yangeisha. Lakini niliuona uongo wangu umesimama uchi pale barabarani. Nikakaza sauti.

"Bibi, umenifananisha. Mimi si mtu wa huku."

Alinitazama kitambo. Kisha akajifunga kanga yake upya, taratibu, kama mtu aliyeingiwa na baridi.

"Basi samahani, baba. Macho ya uzee haya."

Wageni wakashuka kuchagua. Mimi nikajifanya nakagua matairi. Tulipokuwa tunaondoka akanipitishia dirishani kifurushi kidogo cha jani la mgomba. "Hii ya dereva," akasema, bila kunitazama.

Mtoni viboko walikuwepo, zaidi ya kumi, migongo yao ikimeta kama mawe yaliyolowa. Nikamwonyesha Mama Neema mmoja mkubwa. "Lile ni dume, ndilo linalolinda kundi."

Mvuvi aliyekuwa anatengeneza nyavu karibu yetu akacheka. "Dume? Kaka, jike hilo. Huoni mtoto wake kajibanza ubavuni?"

Vijana wakatazamana. Mwongo hana safari ndefu, mwanangu, na safari yangu iliishia pale ukingoni. Nilikuwa nimemkana bibi yangu ili kulinda kitu kisichodumu hata hadi saa kumi jioni.

Nikajitenga, nikafungua kile kifurushi. Ming'oko yangu yote ilikuwa imemenywa. Nilipokuwa mdogo niliwahi kukwamwa na ganda, karibu nife mikononi mwake. Tangu siku hiyo hakuwahi kunipa mng'oko wenye ganda, hata nilipoota ndevu na wenzangu wakanicheka. Wakati mimi nakagua matairi, yeye alikuwa ananimenyea. Nikalifunga tena lile jani.

Mama Neema akanifuata. "Yule bibi anakujua, sivyo?"

"Ni bibi yangu."

"Basi turudi ukamwombe radhi."

Hapo ndipo ninapoona haya zaidi. Nilisema tumechelewa. Tulipopita pale wakati wa kurudi, bibi alikuwa bado amekaa na sinia lake. Akatupungia mkono, kama anavyopungia gari lolote.

Wiki iliyofuata nilikwenda na sukari na doti ya kanga, nikapiga magoti mlangoni.

"Karibu, dereva," akasema. "Ingia ukae. Leo sitakufananisha."

Alinisamehe, alinipikia, ming'oko alinimenyea. Lakini hakuniita tena "mume wangu". Wajukuu wengine aliwatania mbele yangu, akawaita waume zake wavivu, nyumba ikajaa kicheko. Mimi nilibaki dereva mpaka siku tulipomzika. Majuto ni mjukuu, wahenga walisema, na mjukuu mwenyewe ni mimi.

Mwanangu, mkataa kwao ni mtumwa. Utakwenda mbali, utakaa na waliosoma kukuzidi. Akikuita wa kwenu barabarani, kwa sauti kubwa, mbele ya hao unaotaka wakuheshimu, simamisha gari. Shuka. Mwitikie kwa jina alilokupa, hata likichekesha watu, hata likikuumbua. Na ukikosea, rudi siku ileile, usingoje wiki kama mimi.

Mungu akupe safari ndefu na macho ya kuona. Na kila njia utakayopita, akuwekee mtu wa kukuita jina lako la nyumbani, nawe akupe moyo wa kuitika.